Hodi ya Ncha

Pete ya mlango wa bibi ilikatika mwezi wa Rajabu
mkononi mwa kijana aliyekuja kudai bili ya maji.
Akaniletea nusu yake, imefungwa ndani ya leso kuukuu:
"Wewe uliyesoma, nambia imekufa kwa maradhi gani."

Maabara yetu ni ghala la zamani, Langoni,
ukuta wa matumbawe, dirisha moja.
Mashine tumeifunika kwa tundu la waya wa kuku
ili mawimbi ya simu na redio yasiingie;
chini yake beseni la mchanga wa Shela juu ya mpira wa baiskeli,
maana punda akipita kichochoroni na mzigo wa saruji
picha nzima hutetemeka kama mtu mwenye homa.
Kwa hivyo twafanya kazi baada ya Isha,
mimi na Swabra binti Madi,
feni imezimwa, jasho latutoka.

Kuna uzi wa platini ndani ya kioo,
mwembamba hata unywele kwake ni gogo.
Ncha yake hushuka ndani ya tone la maji,
hushuka, hushuka,
halafu husimama kabla ya kugusa.
Hapo ndipo ilipo adabu yake yote.
Haikwaruzi, haibonyezi. Inabisha hodi.

Majini mna wajumbe, tuwaite hivyo,
kila mmoja na senti moja mfukoni.
Ncha humpokonya mjumbe senti yake,
naye hutangatanga hadi kwenye uso wa pete.
Shaba ikiwa hai, humtilia senti nyingine:
hurudi, hupokonywa tena, huenda, hurudi,
na mkondo wa umeme wapanda. Karibu, karibu.
Uso ukiwa umefungwa na kutu,
wajumbe wanazibiwa njia, walioporwa hawapati cha kurudisha,
na mkondo washuka.
Nyumba ina watu, au nyumba haina watu:
ndilo swali lake la pekee,
mikroni kwa mikroni, mstari hata mstari,
kama mshona kofia anavyohesabu vitobo.

Swabra aliwahi kuitumia Nairobi
kusikiliza chembe hai zikipumua,
na kupima vichocheo: punje ipi ya madini yafanya kazi
na ipi yajitia tu.
Hajawahi kuletewa pete ya mlango.

Saa nane na nusu za usiku ramani ikakamilika.
Tulidhani maradhi yatakuwa pale paliposhikwa sana,
kwa chumvi ya jasho, kwa mafuta ya viganja.
La.
Pembeni, pasipofika mkono wa mtu,
kijani kimelala kama mkeka, mkondo kimya.
Bali pale pa upana wa kidole, panapogonga mbao,
pamewaka kwenye ramani kama kaa.
Miaka themanini ya hodi imepasugua,
imepafanya pembamba hata pakakatika,
na pangali panaitikia.
Ila katikati mna vishimo vitatu, vyeusi,
ambamo zinki imehama.

Asubuhi nikampelekea karatasi.
Akavaa miwani, akaigeuza juu chini.
"Mato yangu yaona rangi tu."
Nikamwonyesha lile kaa. Akaliwekea kidole.
"Huyu ni Zaharia, akija kuazima mbuzi ya nazi.
Na huyu mkunga, usiku ule wa mvua."
Akataja wengine, sikuwahi kuwajua.
"Na matundu haya?"
"Zinki imehama, bibi."
"Imehamia wapi?"
Nikanyamaza, mimi na shahada yangu,
nikiwahesabu ami zangu, nao ni watatu.

Fundi Kupi amejitolea kuweka pete ya chuma cha pua.
Bibi asema atafikiri. Ni miezi minne sasa anafikiri.
Watu wagonga kwa vifundo vya vidole, juu ya mbao tupu.
Mbao haipitishi umeme, nimemweleza.
"Karibu," asema kutoka ndani,
hata hujamaliza ya pili.